Nyasi za Msiba wa Deusi

Mwaka ule tulikula misibani. Wenye kusoma watakutajia tarehe zake, mimi nakutajia sufuria. Mwanzoni mwa mwaka ukienda kwenye msiba wowote hapa Nyabiyonza ulikuta ndizi zimemenywa lundo la kufika kiunoni, zinapikwa na maharage mapya na samli, harufu yake inakupokea kabla hujasikia kilio. Kila nyumba ilileta mkungu wake. Watoto walinenepa. Nasema kweli, watoto wetu walinenepa kwa vifo vya wazazi wao, na asubuhi mtoto akiamka haulizi jikoni kuna nini, anauliza, "Bibi, leo tunalia wapi?" Katikati ya mwaka mikungu ikakonda kama mikono ya wagonjwa wenyewe, na kwenye sufuria maharage yakawa mengi kuliko ndizi. Kisha ikaja mihogo. Mihogo! Chakula ambacho nyumbani kwangu nilimpikia mgeni niliyetaka aondoke mapema. Na mwisho wa mwaka nilienda kwenye msiba mmoja kule Rugera, nikapewa kahawa kavu za kutafuna na maji ya moto, basi, na mwenye nyumba akaniangalia usoni aone kama nitasema neno. Niliketi nikatafuna. Sababu ya njaa ile kila mtu aliijua. Kwetu kukiwa na maiti jembe halishikwi. Majirani wote wanaweka majembe chini mpaka azikwe, na wenye nyumba yenye msiba hawalimi kabisa mpaka msiba ufungwe. Vifo vilipoanza kufuatana majembe yakakaa chini, magugu yakapanda juu ya migomba. Silimu, ndivyo tulivyouita ule ugonjwa kabla ndimi zetu hazijazoea kusema Ukimwi, ilikula watu kwanza, kisha ikala chakula cha waliobaki.

Haya nayakumbuka kwa sababu msimu huu wa kahawa Hilda alikuja. Nilikuwa nimeketi uani naanika, nikaona mama mtu mzima anashuka kwenye gari anashika goti, nywele zote nyeupe, miwani mikubwa. Akasema, "Shikamoo Mae," akaniita mama kwa lugha yetu, na kabla sijaitikia akachungulia ndani ya nyumba yangu, akaangalia sakafu, akauliza, "Mae, nyasi ziko wapi?" Hapo nikamjua. Nilicheka mpaka nikakohoa. Sakafu siku hizi ni saruji, nikamwambia, Koku ndiye aliyeimwaga kwa mshahara wake. Akaingia, akasimama pale katikati ya sebule kama mtu aliyeingia kanisani, akasema, "Mimi niliondoka kabla ya mwisho. Nimefundisha watoto wa watu afya ya jamii miaka yote hii na mwisho wa nyumba hii siujui." Basi nikamketisha. Koku, mjukuu wangu, alikuwa amekuja likizo, akaweka ndizi jikoni, nami nikamweleza. Ninachoandika hapa ndicho nilichomweleza, na vipande vyake yeye nimeviweka mahali pake. Habari za ukoo wangu na nilikozaliwa siziandiki. Hazisaidii kitu katika jambo hili.

Deusi alikuwa mwanangu wa kwanza. Alikufa mwanzoni mwa mwaka huo, wakati ndizi zilipokuwa bado nyingi, kwa hiyo aliliwa vizuri, kama inafaa kusema hivyo. Alimwacha mke wake Adela, binti wa Kaisho, ambako sasa ni wilaya ya Kyerwa lakini wakati ule sote tulikuwa Karagwe moja. Na alimwacha Koku, mtoto anayejua kukimbia lakini hajui kuongea vizuri. Siku ya msiba zilitandazwa nyasi sebuleni, kama inavyofanywa. Wafiwa wanalala juu ya nyasi zile, wanakula juu yake, wanapokea watu juu yake. Siku ya kufunga msiba mama wa marehemu anashika fungu la kwanza kwa mkono wake, analitoa nje, na wengine ndio wanazoa zilizobaki. Baada ya hapo watu wananyolewa, majembe yanashikwa, na wanaume wa ukoo wanakaa kugawa: shamba la nani, mtoto wa nani, mjane wa nani. Si kabla. Nyasi zikiwa bado ndani, mali ya marehemu haisemwi. Shika hilo, ndilo lililotubeba.

Nyasi zilikuwa hazijanyauka mwenyekiti wa kijiji alipoleta kwangu msichana mwembamba mwenye begi na koti jeupe. Akasema, "Ma Deusi, huyu ni bibi afya. Anatoka chuo, Dar es Salaam. Anasomea shahada ya pili, na wamemleta huku kwa mafunzo ya vitendo. Atakaa mwaka." Nikamwuliza shahada ya kwanza ameifanyia nini mpaka anataka nyingine. Mwenyekiti akakasirika, msichana akacheka. Nilikuwa na chumba kimoja tu kisicho na mtu. Nikamwonyesha kitanda, nikamwambia wazi, maana sipendi mtu aje kusikia kisimani: "Hapa ndipo alipofia mwanangu. Wewe umesoma, unajua alikufa na nini. Jirani zangu hata kukaa kwenye kiti chake hawakai." Akagusa godoro. "Mashuka yamefuliwa?" "Nimefua mwenyewe." "Basi nitalala," akasema, akafungua dirisha ambalo tangu ugonjwa wa Deusi lilikuwa halifunguliwi, akaweka begi chini. Siku ile nilimpenda, ingawa sikumwambia.

Asije mtu akadhani alikuwa malaika. Alikuwa na mambo yake. Mgeni kwetu anapewa kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani ya harufu zikakaushwa, unampa kutoka mkononi mwako kuingia mkononi mwake. Hilda alipewa kila nyumba tuliyoingia, na kila nyumba alisema asante akapeleka mkono mdomoni, na kahawa ikashukia mfuko wa koti. Aliogopa mikono yetu, na alikuwa na sababu, tulikuwa tunatoka kuuguza. Lakini siku moja jirani yangu Vene alimsaidia kufua, akageuza mfuko, kahawa zikamwagika uani kama mvua ya mawe. Vene akaita wanawake wote. "Njooni muone! Bibi afya anakusanya magendo, kesho anavusha Uganda!" Hilda alisimama pale masikio yamewiva. Kisha akainama, akaokota moja kwenye maji ya sabuni, akatupa mdomoni, akatafuna mbele yao. Vene akasema, "Mpeni maji, mtamwua, serikali itatudai." Tangu siku ile alitafuna kama sisi.

Kazi yake ilikuwa kuuliza. Nilimpeleka nyumba kwa nyumba, mpaka Kihanga tulifika kwa miguu. Aliuliza msiba uliisha lini, jembe lilishikwa lini, watoto wamekula nini tangu jana. Chuo kilitaka kujua siku za msiba zinaleta njaa kiasi gani, na serikali ya kijiji ilikuwa inataka kuzipunguza kwa amri. Siku nyingine alikuja na wenzake wa hospitali wakatoa watu damu kwenye mkono, Adela akatoa, Faustini mwanangu wa pili akatoa, mimi nikatoa. Nikangoja majibu. Nilingoja kama mtu anayengoja mvua ya kupandia. Siku moja tunachambua maharage nikamwuliza, "Hilda mwanangu, damu ya Adela imesemaje?" Akasema, "Mae, sijui." "Wenzako wanajua?" "Hakuna anayejua. Chupa zilikuwa na namba, majina hayakuandikwa. Tulifanya makusudi, tusijue." Nikaweka ungo chini. "Shule gani hiyo," nikamwuliza, "ya kwenda mpaka Dar es Salaam kujifunza kutojua?" Hakukasirika. Alisema, "Kama tungekuwa na majina, mwenyekiti angeyataka. Shemeji yako Petro angeyataka. Mtu akitaka kujua ya kwake aende hospitali aulize mwenyewe, anaambiwa yeye peke yake." Adela alikuwa mlangoni na Koku mgongoni. Akasema taratibu, "Nikijua nitakula nini tofauti?" Dawa hazikuwepo siku hizo. Kujua kulikuwa kujua tu.

Petro huyo alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu, na ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo. Si mtu mbaya. Aliwazika watoto wake wawili mwaka huohuo, na nadhani alikuwa anataka mambo yaende kama zamani ili ajue bado anaishi duniani. Akaja na wanaume wa ukoo mchana mmoja, wakaletewa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakaketi kwenye vigoda kuzunguka nyasi. Hilda nilimpa kigoda karibu na mlango kwa kuwa alikuwa mgeni wa nyumba. Adela alikuwa nyuma ya pazia, anapepeta ulezi. Ungo wake nilikuwa nausikia. Petro akasema, "Ma Deusi, wiki zimepita. Toa nyasi, tumalize mambo."

"Mambo gani?"

"Unayajua. Mji hauwezi kukaa bila mwanamume. Mke wa marehemu hawezi kukaa hivi hivi kama debe lililosahauliwa kisimani. Faustini yupo, hajaoa. Atamchukua mke wa kaka yake, Koku atakuwa na baba, na kibanja hiki cha migomba hakitatoka mikononi mwetu."

Nikamtazama Faustini. Alikuwa kijana mwenye mabega, mpole mpaka unataka kumpiga. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake kama anavihesabu. Angesema ndiyo. Angesema ndiyo kwa sababu hajawahi kumwambia Petro hapana, na angeingia kwenye kitanda kile, na mwakani ningekuwa natandaza nyasi zake. Au labda Adela alikuwa mzima na yeye Faustini ndiye mwenye nao. Naye alikuwa akienda Murongo, mpakani, na kaka yake kwenye biashara. Nani ajuaye? Wale waliosoma walikuwa wamesoma kutojua.

Petro akamgeukia Hilda. "Wewe bibi afya, binti huyu ulimtoa damu. Sema mbele za watu. Anao au hana?"

"Sijui, baba. Anaweza kuwa nao, anaweza asiwe nao."

"Ala! Hata wingu lile pale linaweza kunyesha, linaweza lisinyeshe. Na mimi nimeishia darasa la pili."

Wanaume wakacheka. Hilda akasimama. Alisema kwa sauti ya darasani. "Ninachojua ni kwamba kurithi mjane mwaka huu ni hatari kwao wote wawili. Faustini asimchukue. Kama hapa pamekuwa pagumu, Adela arudi kwa wazazi wake, apumzike."

Nikasikia ungo nyuma ya pazia umesimama. Hilda aliangalia huku na huku, akidhani amesema jambo jema. Kwao ni milima ya Usambara, na alinieleza baadaye kwamba huko mjane akielemewa anarudi kwa baba yake, anapokewa, anapikiwa uji, na akitaka anarudi tena kwa watoto wake. Hakujua kwetu mwaka ule njia zilikuwa na maana gani. Mjane aliyeonekana njiani na kifurushi kichwani anakwenda kwao, watu walisogea wakaziba pua. Maana yake ukoo wa mume umemtangaza mgonjwa na umemtupa. Mtoto anabaki. Kule kwao anapewa kibanda cha nyuma na sahani yake peke yake. Na akiwa mzima vilevile ameshakufa, kwa sababu hakuna atakayekula naye tena.

Petro alipiga paja. Alikuwa amepewa zaidi ya alichokuja kuomba. "Mmesikia! Chuo kimesema. Serikali imesema. Kama Faustini hamchukui, basi aende Kaisho. Koku anabaki. Ma Deusi, shika fungu lako, toa nyasi."

Ungo ulianguka. Ulezi ukamwagika, ukaja mpaka chini ya pazia, punje kwa punje, mpaka kwenye nyasi. Mimi sikupanga. Watu wanasema nilipanga, nilikaa na Vene tukapanga, uongo. Nilikuwa nimesimama kwa heshima ya wanaume, nikaketi. Nikaketi katikati ya nyasi, nikanyoosha miguu yangu yote miwili mbele ya wanaume wa ukoo kama mwanamke asiyefundwa, nikasema, "Nyasi hizi hazitoki, na mtu wa nyumba hii hatoki."

"Shemeji, umechanganyikiwa."

"Labda. Bado nalia mwanangu. Nani ataniambia nimemaliza?"

Hakuna aliyeweza. Hiyo ndiyo sehemu tamu ya habari hii, na nimekuwa nikiila tangu siku hiyo. Mkono wa kwanza ni wa mama, na mama anasema uchungu wake haujaisha. Hata Petro, hata babu zake waliomfundisha, hawana neno. Walikunywa rubisi yao, wakaondoka wananung'unika. Jioni Hilda alikuja jikoni, macho yamevimba. "Mae, nimekosea." "Umekosea," nikamwambia. "Menya ndizi." Akamenya. Alikuwa anamenya vibaya, anaacha nusu ya ndizi kwenye ganda, nikamnyang'anya kisu.

Lakini nyasi zikikaa, jembe halishikwi. Nilikuwa nimemfungia Petro mlango, na nimejifungia mwenyewe. Mwezi ukapita. Magugu kwenye kibanja yakafika magotini. Migomba ikazaa vidole badala ya ndizi. Mimi, Faustini na Adela tukaketi juu ya nyasi tunaangalia shamba letu linakufa, na Koku analia njaa. Vene alikuja na kikapu cha viazi, akanitukana ndipo akanipa. "Ma Deusi, utakula nyasi hizo?" "Nitazipika na maharage." "Maharage yenyewe huna, mjinga wewe!" Akalia, mimi nikacheka. Wengine walisema Ma Deusi amekuwa mchawi, anazuia msiba ili ardhi ikauke. Na siku moja Adela alifunga kitenge chake na nguo mbili, akasimama mlangoni. "Mae, niache niende. Mnakufa kwa ajili yangu, na pengine mimi mwenyewe nimeshakufa."

"Kaa chini," nikamwambia. "Unanizibia mwanga."

Aliketi. Hilda alikuwa chumbani kwake mlango wazi, anaandika mambo yake ya chuo, akasikia yote. Asubuhi yake nilimsikia akihangaika kwenye ukuta wa nyuma. Nikatoka, nikamkuta amefunga kitenge juu ya sketi, amevaa viatu vyake vya mjini, ameshika jembe la Deusi. "Mae," akasema, "mimi si wa ukoo huu. Mimi si mfiwa. Kuna mwiko unaonikataza?" Nilifikiri. Nilifikiri kweli, maana mwiko si kitu cha kuchezea. Akiwa ni binti yangu, haruhusiwi. Akiwa mkwe, haruhusiwi. Lakini mgeni wa chuo, mtu wa Usambara? Hakuna mzee aliyewahi kuulizwa hilo, kwa kuwa hakuna mgeni aliyewahi kutaka. Nikamwambia, "Usikate mizizi ya mgomba. Jembe lipite juu juu, kama unamkuna mtoto."

Bibi afya akalima kibanja. Mungu wangu, alilima vibaya. Viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, akavifunga, na mpini wa jembe pia, kwa bandeji zake mwenyewe. Watoto walikuja kupanga mstari kwenye uzio kumtazama. Watu waendao gulioni walisimama. "Bibi afya, hiyo ndiyo shahada ya pili?" "Ndiyo." "Na ya tatu?" "Ya tatu ni kukata majani ya mgomba, njooni mnifundishe." Mimi, Faustini na Adela tuliketi mlangoni juu ya nyasi zetu, hatushiki kitu, tunampigia kelele: kushoto, pale umeruka, hilo ni hoho si gugu! Adela alicheka siku ile. Alicheka mpaka akaegemea bega langu. Nina kicheko kile mpaka leo.

Mwalimu wake wa chuo alikuja na Landrover kumkagua, akamkuta yuko kwenye matope, kichwani majani. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu, akanisalimia kwanza, ndipo akamwambia, "Hilda, mafunzo ya vitendo hayana maana hiyo." Hilda akajipangusa. "Yana maana gani, mwalimu?" Yule bwana aliangalia nyasi zilizochakaa sebuleni, akamwangalia Adela, akaangalia shamba lililosafishwa nusu. Nilimpa viazi na maharage, akala vyote, akasema chakula kizuri, akaondoka. Hilda ameniambia mwaka huu, naye aliambiwa na dereva, kwamba njiani kurudi mwalimu alimwambia dereva asimame, akashuka, akakaa kidogo pembeni ya barabara, na hakumweleza dereva kwa nini.

Kiangazi kilipoisha Adela akaanza kukohoa. Sikushangaa. Ukweli ni kwamba tangu siku ya ungo nilikuwa nikimsikiliza kifua. Mdomo ukatoka utando mweupe, kula kukawa vita, tumbo likaharisha mpaka tukafua mchana kutwa. Hapa ndipo shule ya Hilda iliponifaa, na sitamnyima sifa yake. Alinifundisha maji ya chumvi na sukari, nimnyweshe kwa kijiko, kidogo kidogo, hata akitapika. Alinifundisha kumgeuza ubavu ili mgongo usichubuke, na kuvaa mfuko wa plastiki mkononi nikiwa na jeraha, na kwamba nikiwa sina jeraha nimshike kwa mikono yangu mitupu kwa sababu mtu anahitaji kushikwa. Akasema hilo nalo liko kwenye masomo. Nikamwambia kama liko, basi shule si mbaya sana. Adela tulimlaza juu ya zile nyasi, yeye mwenyewe alipenda hapo, anaona mlango na anaona migomba. Koku alikuwa anamletea maua ya magugu. Kisha gari la chuo likaja. Mwaka wa Hilda ulikuwa umekwisha, walimtaka Dar es Salaam wiki hiyohiyo. Alipiga magoti kwenye nyasi, akaweka uso wake kwenye viganja vya Adela, akakaa hivyo mpaka dereva akapiga honi. Kitanda alichokilalia alikitandika mwenyewe. Dirisha aliliacha wazi.

Adela alikufa baada ya siku chache, mchana, nikiwa naye. Aliomba maji, nikaenda kuyachota mtungini, niliporudi hakuyahitaji. Nilimwosha kabla sijapiga yowe, kwa sababu nilijua yowe litamleta nani. Na kweli, alikuja Petro, na nyuma yake wakaja kaka wawili wa Adela kutoka Kaisho wakiwa na machela ya miti. Hawakuja kwa yowe langu. Kaisho ni mbali. Petro alikuwa amewatumia habari siku kadhaa kabla, akijua. Yule mkubwa wao alikuwa amechoka mpaka midomo imekauka, akaniamkia, akasema, "Mama, tumekuja kumchukua dada yetu. Tumeambiwa hamna nafasi yake."

Nikamwuliza Petro, "Nafasi? Kibanja chote hiki?"

"Hakurithiwa," Petro akasema. Hakupaza sauti. Alikuwa amekonda yeye pia, koti linamcheza. "Mwanamke asiyerithiwa si wa ukoo. Azikwe kwao. Shemeji, umeshinda mwaka mzima. Sasa amekufa. Unashindania nini tena?"

Nilikuwa nashindania Koku. Yule mtoto alikuwa ameketi pembeni ya miguu ya mama yake, anasukasuka nyasi kavu. Mama yake akizikwa Kaisho, kesho watamwambia na wewe huna mtu hapa. Kaburi la mama likiwa kwenye kibanja, nani atamwambia ondoka? Anaketi juu ya kaburi la mama yake, anawaangalia tu. Petro alilijua hilo sawasawa na mimi. Nyasi zenyewe zilikuwa zimekuwa vumbi kufikia siku hiyo, zimelaliwa, zimetapikiwa, zimeanikwa, zimerudishwa, huwezi kuziita nyasi. Nikaketi juu yake. Nikaweka mkono wangu juu ya mguu wa Adela, ulikuwa bado una joto la maji niliyomwoshea.

Mlango ukawa giza. Faustini alikuwa amesimama pale. Mwaka mzima hakusema neno mbele ya Petro, hata siku walipotaka kumpa mke wa kaka yake kama koti la kurithi. Alikuwa ameshika jembe, lile la Deusi, mpini bado una vitambaa vya bandeji za Hilda. Jembe la kuchimba kaburi halina mwiko. Hakumwangalia Petro, alinitazama mimi. "Mae," akasema, "nichimbe wapi?"

"Kando ya kaka yako."

"Nani amesema?" Petro akauliza. "Ma Deusi, nani amesema?"

Kaka za Adela waliweka machela chini. Koku alinyanyua uso. Nikanyoosha miguu yangu yote miwili mbele yao, nikasema:

"Nyasi hizi hazitoki, na mtu wa nyumba hii hatoki."